Kukata bodi za saruji na nyuzi: jinsi ya kuchagua diski ya msumeno

Bodi za saruji na nyuzi hutumika kufunika kuta za nje za nyumba katika nchi nyingi, na msumeno wa umeme huzikata bila shida kubwa. Hata hivyo, diski isiyofaa huisha makali upesi, huacha kingo zilizomeguka, na hurusha hewani vumbi laini linaloweza kumdhuru fundi miaka mingi baada ya nyumba kukamilika. Makala haya yanaeleza aina za diski zilizopo, namna ya kusoma maandishi yaliyo juu yake, na hatari ambazo hata diski iliyo bora haiwezi kuziondoa peke yake.

Bodi hizi ni nini

Bodi ya saruji na nyuzi hutengenezwa kwa saruji ya Portland, mchanga uliosagwa, maji na nyuzi za selulosi zitokanazo na miti. Mchanganyiko huo hutandazwa tabaka juu ya tabaka na kukandamizwa. Bidhaa nyingi kisha hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo kubwa hadi zigande na kuwa ngumu. Kinachopatikana ni ubao mwembamba usioliwa na mchwa, usiooza upesi na usioshika moto kirahisi. Uso wake unaweza kupigwa chapa ya mishipa ya mti, kiasi kwamba nyumba iliyofunikwa kwa bodi hizo huonekana kwa mbali kana kwamba imejengwa kwa mbao.

Nchini Marekani, bodi ya kawaida ya kufunika ukuta ina unene wa takriban milimita 8 na urefu wa futi 12. Hupigiliwa kwa mlalo, moja ikilalia nyingine kidogo, kuanzia chini kwenda juu. Australia na New Zealand zimezitumia kwa muda mrefu zaidi. Katika Afrika Mashariki, bodi za aina hii huuzwa kwa ajili ya dari, kuta za kugawa vyumba na urembo wa nje wa majengo. Miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili waliopata makazi mapya Marekani, Kanada na Australia, wapo pia wanaoanza maisha kwa vibarua vya ujenzi, na hukutana na bodi hizi kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wameshika msumeno.

Swali la kwanza ni umri wa bodi

Kabla ya kuuliza ni diski ipi inayofaa, ni lazima ijulikane bodi inayokatwa ni ya lini. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ludwig Hatschek wa Austria alibuni mbinu ya kutengeneza bodi kwa saruji na nyuzi za asbesto, akaiita bidhaa yake Eternit, jina lenye asili ya neno la Kilatini linalomaanisha kitu cha milele. Teknolojia hiyo ilienea duniani. Yale yanayoitwa na wengi mabati ya asbesto yaliezeka shule, hospitali na nyumba za wafanyakazi, Afrika Mashariki ikiwamo.

Baadaye ilithibitika kwamba nyuzi za asbesto zikivutwa pamoja na hewa husababisha saratani na makovu ya mapafu. Katika miaka ya 1980, kampuni ya James Hardie ya Australia ilikuwa miongoni mwa zilizoacha asbesto na kutumia selulosi badala yake. Australia ilipiga marufuku kabisa matumizi ya asbesto kuanzia tarehe 31 Desemba 2003. Rwanda nayo imekuwa ikiendesha mpango wa kitaifa wa kuondoa paa za asbesto kwenye majengo ya umma na ya watu binafsi.

Kwa hiyo yote yanayofuata katika makala haya yanahusu bodi mpya, zilizonunuliwa zikiwa na maelezo ya kiwanda yanayoonyesha kwamba hazina asbesto. Bodi ya zamani ambayo asili yake haijulikani haipaswi kukatwa, kutobolewa wala kupigwa msasa. Macho peke yake hayawezi kutofautisha bodi ya selulosi na ya asbesto. Sampuli hupimwa maabara, na uondoaji hufanywa na watu waliofunzwa kwa kazi hiyo. Kwa bodi ya asbesto, hakuna diski iliyo sahihi.

Kwa nini diski ya mbao haifai

Diski ya kawaida ya kukatia mbao ina meno mengi, mara nyingi kati ya 24 na 60, na kila jino limebandikwa ncha ya kabaidi ya tangsteni. Kabaidi ni ngumu kuliko chuma, lakini mchanga uliomo ndani ya bodi ya saruji huisugua kama tupa. Diski hiyo huweza kukata bodi za kwanza vizuri, kisha makali yakapotea ghafla. Fundi huanza kusukuma msumeno kwa nguvu, injini hupata joto, ukingo wa bodi humeguka, na vumbi huongezeka.

Tatizo la pili ni wingi wa meno wenyewe. Hesabu ndogo inaweza kulifafanua. Tuseme msumeno unazunguka mara 5,000 kwa dakika, na fundi anausukuma mwendo wa mita 2 kwa dakika. Diski yenye meno 4 itaigusa bodi mara 20,000 katika dakika hiyo, na kila jino litasonga mbele sehemu ya kumi ya milimita, yaani mikroni 100. Diski yenye meno 40, kwa mwendo uleule, itaigusa bodi mara 200,000, na kila jino litachukua mikroni 10 tu. Hesabu hii haipimi ukubwa wa chembe za vumbi moja kwa moja, kwa maana bodi ni kitu kinachovunjika na chembe zake hazilingani. Hata hivyo, inaonyesha jambo la msingi: jino linalong'oa kipande kikubwa huacha chenga nyingi zinazoanguka chini kwa uzito wake, ilhali jino linalokwangua kidogo kidogo husaga bodi kuwa unga unaoelea.

Hapo ndipo diski ya kazi hii inapoachana na desturi ya useremala. Kwa mbao, meno mengi huleta ukingo laini. Kwa saruji na nyuzi, meno machache na magumu ndiyo yanayotakiwa.

Aina za diski zinazopatikana

Diski ya almasi yenye meno. Hii ndiyo iliyobuniwa mahsusi kwa bodi za saruji na nyuzi, na maduka huiuza ikiwa na herufi PCD. Ncha za meno yake hutengenezwa kwa chembechembe za almasi ya kiwandani zilizounganishwa chini ya joto na shinikizo kubwa mno, kisha kushikamanishwa na kabaidi. Diski ya inchi 7 na robo huwa na meno 4 au 6, na zile za inchi 10 au 12 kwa kawaida huwa na meno machache pia, mara nyingi 6 au 8. Bei yake ni mara kadhaa ya diski ya mbao, lakini hudumu muda mrefu zaidi kwa kiasi kisicholinganishika. Kwa anayefunika nyumba nzima, ndiyo iliyo nafuu mwishowe.

Diski ya kabaidi kwa bodi za saruji. Hii ina umbo linalofanana na ya kwanza na meno machache, ila ncha zake ni za kabaidi isiyo na almasi. Bei yake ni ya chini na huisha makali mapema. Inaweza kumfaa mtu anayekata bodi chache, kwa mfano kuziba sehemu moja ya ukuta, mradi aibadilishe mara tu inapoanza kuwa butu.

Diski ya almasi isiyo na meno. Hii ndiyo inayojulikana zaidi na mafundi wa vigae na zege, na hufungwa kwenye grenda. Ukingo wake ni mzima au una mapengo machache, na hukata kwa kusugua. Itapita kwenye bodi ya saruji bila taabu, na hilo ndilo linalowavutia wengi. Lakini kwa kuwa inasaga kila inachogusa, hutoa wingu zito la vumbi laini. Watu wawili wanaweza kununua diski zenye neno almasi kwenye pakiti, mmoja akapata chombo kinachotoa chenga na mwingine chombo kinachotoa unga. Kinachozitofautisha ni meno.

Diski ya jiwe la kusagia. Hii ni ile nyembamba ya bei rahisi inayotumika kukatia nondo au mawe. Huisha upesi, hutoa vumbi jingi, na hakuna sababu njema ya kuitumia kwa kazi hii.

Kwa mikato ya kupinda, kama vile kuzunguka bomba au kufungua nafasi ya swichi, hutumika msumeno mdogo wa umeme unaokwenda juu na chini, wenye ubao mwembamba wa kukatia uliowekewa kabaidi. Ni wa polepole, lakini hufika mahali ambapo diski ya mviringo haifiki.

Onyo moja linastahili kusimama peke yake. Diski ya msumeno yenye meno haifungwi kwenye grenda. Grenda ndogo huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, haina kinga iliyotengenezwa kwa ajili ya meno, na jino likikwama huirusha mashine yote kuelekea kwa aliyeishika. Majeraha ya mikono, mapaja na uso yatokanayo na kosa hili huwa mabaya sana.

Kusoma diski kabla ya kulipa

Maandishi yaliyochapwa kwenye uso wa diski hujibu maswali mengi, na inafaa yasomwe dukani badala ya kusubiri mpaka eneo la ujenzi.

La kwanza ni kipenyo. Diski isizidi ukubwa ulioandikwa kwenye msumeno. Iliyo kubwa mno haitaingia chini ya kinga, na kuondoa kinga ili iingie ni kujitafutia maafa. Misumeno ya mkono ya Marekani hutumia zaidi inchi 7 na robo, karibu milimita 184. Katika nchi zinazotumia vipimo vya milimita, 185 na 190 ni za kawaida.

La pili ni tundu la katikati. Diski nyingi za Marekani za inchi 7 na robo zina tundu la karibu milimita 16, na zile za masoko mengine huwa na milimita 20 au 30. Pete za kupunguzia tundu zipo, ila ziwe za kipimo kamili na zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Diski inayocheza kwenye mhimili wake haiwezi kukata wima, na hutetemeka hadi meno yakameguka.

La tatu ni kasi. Kila diski huandikwa idadi ya juu ya mizunguko kwa dakika inayoweza kustahimili. Idadi hiyo lazima iwe sawa na ile ya msumeno au izidi. Ikiwa msumeno unazunguka mara 5,800 na diski imeruhusiwa 5,000, diski hiyo irudishwe hata kama bei yake inavutia.

La nne ni idadi ya meno na matumizi yaliyokusudiwa. Pakiti itaje wazi kwamba diski ni ya saruji na nyuzi. Diski iliyoandikwa kuwa ni ya mbao, ya alumini au ya zege isinunuliwe kwa kukisia.

La tano ni mshale wa mwelekeo. Diski iliyofungwa kinyume haikati; huchoma na kusaga. Kosa hili ni la kawaida kuliko mafundi wanavyopenda kukiri.

Vumbi lisiloonekana

Mchanga uliomo ndani ya bodi ni silika ya fuwele. Maadamu bodi iko nzima ukutani, silika hiyo haimdhuru mtu. Msumeno ndio unaoifungua. Vumbi linaloonekana likitua kwenye nguo na nyusi ni kero, lakini chembe zenye madhara makubwa zaidi ni zile ndogo za mikroni chache tu. Hizo hazionekani kwa macho, hubaki hewani muda mrefu, na hupenya hadi ncha za mapafu ambako mwili hauna uwezo wa kuzitoa.

Ugonjwa unaotokana na vumbi hilo huitwa silikosisi. Mapafu hujijengea makovu, yakapoteza uwezo wa kutanuka, na pumzi ikawa fupi. Kwa kawaida dalili hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi, ingawa vumbi likiwa jingi sana ugonjwa huweza kuja mapema. Hauna tiba ya kuuondoa. Aliyevuta silika kwa muda mrefu huwa pia katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, jambo lenye uzito wa pekee kwa watu wanaotoka katika nchi ambako kifua kikuu bado ni cha kawaida. Mwaka 1997, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa diski ni pia uchaguzi wa kiasi cha vumbi. Diski yenye meno machache ya almasi hupunguza unga, lakini haiuondoi. Hatua zinazofuata zinategemeana na hiyo ya kwanza: msumeno uwe na mfuniko unaoizunguka diski na kuunganishwa na mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio kizuri. Wataalamu wa taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, wamepima misumeno ya aina hiyo wakati wa kukata bodi za saruji, na wakaona kwamba kufyonza vumbi pale pale linapozaliwa hupunguza sana kiasi kinachomfikia fundi.

Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haichuji vumbi hili ipasavyo. Inayotakiwa ni ya daraja la N95 au zaidi, au FFP2 na FFP3 kwa vipimo vya Ulaya, iliyokaa sawasawa usoni. Ndevu huacha mianya pembeni na kuifanya barakoa iwe pambo. Aidha, barakoa humlinda aliyeivaa tu. Kijana anayeshikilia ubao, mpishi aliye jirani na watoto wanaopita hawana chochote.

Sheria zinasemaje

Nchini Marekani, mamlaka ya usalama na afya kazini, OSHA, ilitoa kanuni ya silika mwaka 2016, na utekelezaji wake katika ujenzi ulianza tarehe 23 Septemba 2017. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni mikrogramu 50 za silika kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, ikiwa ni wastani wa zamu ya saa 8. Kanuni hiyo inataja kwa jina kazi ya kukata bodi za saruji na nyuzi kwa msumeno wa mkono wenye diski ya inchi 8 au pungufu. Inataka kazi ifanyike nje ya jengo, msumeno uwe na mfumo wa kukusanya vumbi, mfumo huo uwe na nguvu ya hewa iliyopendekezwa na mtengenezaji wa msumeno au zaidi, na kichujio kiwe na uwezo wa asilimia 99 au zaidi. Masharti yote hayo yakitimizwa, kanuni hailazimishi barakoa juu yake.

Mwajiri anawajibika kutoa vifaa hivyo, na kutoa mafunzo kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa. Mfanyakazi ambaye kanuni inamlazimu kuvaa barakoa kwa siku 30 au zaidi kwa mwaka ana haki ya kupewa nafasi ya uchunguzi wa kitabibu bila gharama kwake. Ni kinyume cha sheria kumwadhibu mtu kwa sababu ameuliza au amelalamika kuhusu usalama. Kwa mgeni asiyemudu Kiingereza vizuri, haki ya kufundishwa kwa lugha anayoielewa ni ya thamani sawa na kifaa chenyewe.

Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa kwa ajili ya meza za jikoni kuanzia tarehe 1 Julai 2024, baada ya wakataji wengi wa mawe hayo, wakiwamo vijana, kuugua silikosisi. Kuanzia tarehe 1 Septemba mwaka huo, kanuni kali zaidi zilianza kuhusu ukataji wa vitu vyote vyenye angalau asilimia 1 ya silika ya fuwele. Bodi za saruji hazikupigwa marufuku, lakini kuzikata kwa mashine bila njia ya kudhibiti vumbi hakuruhusiwi.

Kukata bila msumeno

Mara nyingine diski bora ni ile isiyotumika. Bodi nyembamba huweza kuchorwa mstari mzito kwa kisu chenye ncha ya kabaidi, kisha ikakunjwa na kuvunjika kwenye mstari huo. Zipo pia mashine za kukata kwa shinikizo, za mkono na za umeme, zinazofanya kazi kama mkasi mkubwa. Njia hizi hutoa vumbi kidogo sana, na mtengenezaji mkubwa wa bodi hizi huziweka mbele ya msumeno katika maelekezo yake. Kasoro yake ni ukingo usio laini sana na ugumu wa kukata bodi nene. Mafundi wengi wenye uzoefu huzitumia kwa mikato iliyonyooka ambayo ukingo wake utafichwa, na kuubakiza msumeno kwa mikato inayoonekana.

Diski nzuri katika mikono mizuri

Diski ya PCD ni ngumu, lakini ugumu wake una udhaifu: hupasuka ikigongwa. Jino likikutana na msumari, au diski ikiangushwa kwenye sakafu ya zege, ncha ya almasi huweza kumeguka. Kwa hiyo bodi iliyokwisha kupigiliwa isikatwe kabla ya misumari kukaguliwa, na diski ihifadhiwe kwenye kasha lake. Kuinoa kunahitaji mitambo maalumu. Tupa ya fundi haiigusi.

Eneo la kukatia liwe nje, mahali ambapo upepo unapeleka vumbi mbali na fundi na wenzake. Bodi iegemezwe pande zote mbili za mkato ili isijikunje na kuibana diski. Kina cha diski kirekebishwe ili meno yatokeze chini ya bodi kwa milimita chache tu. Meno ya msumeno wa mkono hukata yakipanda juu, na uso wa juu ndio unaomeguka. Kwa hiyo upande wa bodi utakaoonekana ukutani hulazwa chini. Kwa msumeno wa mezani unaoshuka kutoka juu, upande huo hugeuzwa juu.

Msumeno usukumwe kwa mwendo thabiti bila kulazimishwa. Maji yasimwagwe kwenye msumeno wa umeme ambao haukutengenezwa kwa kukata kwa maji, kwa kuwa mshtuko wa umeme huua papo hapo. Baada ya kukata, ukingo mpya hupakwa rangi ya kwanza au rangi inayofaa kama mtengenezaji anavyoelekeza, ili usinyonye maji. Vumbi lililobaki lifyonzwe kwa mashine au lilowanishwe kwanza. Likifagiwa likiwa kavu, au likipulizwa kwa hewa ya mashine, hurudi pale lilipotoka. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani zikiwa zimejaa unga, kwa maana watoto wanaompokea mzazi mlangoni huuvuta pia.

Kwa ufupi

Anayefunika nyumba nzima achague diski ya PCD yenye meno machache, iliyoandikwa kuwa ni ya saruji na nyuzi, yenye kipenyo na tundu linalolingana na msumeno wake, na kasi isiyopungua ya msumeno huo.

Anayekata bodi chache anaweza kutosheka na diski ya kabaidi ya kazi hiyohiyo, au kisu cha kuchorea.

Diski ya almasi isiyo na meno na ile ya jiwe ziachwe kwa kazi zake.

Diski yoyote itakayochaguliwa, kazi ifanyike nje, vumbi lifyonzwe kwenye msumeno, na barakoa ya kweli ivaliwe pale ambapo vumbi halikudhibitiwa kikamilifu.

Na pale ambapo haijulikani kama bodi ina asbesto, msumeno uzimwe kwanza.